Mringaringa Usio na Mtu

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Ninauza mapazia sokoni Kiboriloni, na wateja wangu wanalijua hilo. Kabla sijakupimia mita tatu utakuwa umeshanieleza dirisha lako linaangalia wapi, jirani wa upande huo ni nani, na amekufanya nini hata hutaki akuone ukinywa chai. Wengine wanakasirika, wengine wanarudi mwezi ujao bila haja ya pazia, wanataka kumalizia habari tu. Siombi radhi. Kuuliza si ujinga.

Lakini kuna swali moja nililiuliza zaidi ya miaka arobaini nisipate jibu, nalo lilihusu mti.

Nyumbani kwetu ni Old Moshi, ukipandisha kutoka Kiboriloni. Kihamba chetu ni kama vya wengine: migomba, kahawa, ng'ombe wawili bandani, mfereji wa maji juu, na makaburi ya wazee wetu humohumo katikati ya migomba. Sijui kwa majirani, ila katika ukoo wetu mtu akifa hupandiwa mti. Unapandwa siku ileile habari inapofika, jua halijazama, hata kaburi halijaanza kuchimbwa. "Mti haulali nje," ndivyo alivyokuwa akisema baba.

Kisha ikifika Krismasi, tukisharudi kanisani na kabla mtu hajagusa mtori wa ndizi, mama anakata majani ya isale na kupita mti hadi mti. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu, ukampelekea jani lake, hana budi kukusamehe. Mama anafunga jani moja kwenye shina, anamtaja mwenye mti, halafu anampa habari za mwaka: nani ameoa, nani amejifungua, ng'ombe yupi amekauka. Kwenye mparachichi wa bibi yangu mzaa baba hukaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu wale wawili hawakupatana na bado wana mazungumzo. "Mama mkwe, Krismasi njema. Yule mtamba uliyesema sitaweza kumlea amezaa mara ya tatu." Mwaka hadi mwaka, hakuna anayecheka ila mimi.

Baba yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Yeye alichagua mti wake mwenyewe akiwa kitandani: mbuni. Watu walimwambia, jamani, siku hizi kahawa inang'olewa watu wapande parachichi, wewe unataka kahawa ya nini? Akajibu kwamba ameipalilia maisha yake yote, sasa ni zamu ya kahawa kukaa naye.

Huo ndio utaratibu, na kila mti una mtu wake. Isipokuwa mmoja.

Juu kabisa, karibu na mfereji, umesimama mringaringa. Wanaoujua mti huu wanajua mbao zake zinavyotafutwa, na ukichanua maua meupe nyuki hawatoki. Wetu ulikuwa mkubwa kupita kiasi kwa sababu haujawahi kupunguzwa hata tawi. Miti mingine yote, wa bibi, wa babu, ilikatwa matawi kwa ajili ya kuni, na wenyewe hawakununa. Huo haukuguswa. Baba akienda mferejini alizungukia nyuma ya banda, njia ndefu yenye matope, ili asipite chini yake. Mama alipita, lakini alipita kama anayempita mtu aliyegombana naye, bila kugeuza shingo.

Karibu na shina lake palikuwa na kibonde kidogo cha kutosha mtoto kulala. Tukicheza kombolela nilijificha humo, maana ukijikunyata hakuna anayekuona. Siku mama aliponikuta nilichapwa hadi majirani wakaja kuniombea. Wadogo zangu walijificha hapohapo wakaambiwa tu, tokeni, mtachafua nguo. Niliuliza kwa nini nichapwe mimi peke yangu. Nikachapwa tena kwa kuuliza.

Sasa sikiliza nilichokigundua nikiwa na umri wa miaka tisa. Nilihesabu majani. Mama alikata majani saba, miti yenye watu ilikuwa sita. Jani moja lilibaki mkononi, na alilipitisha kule juu kwenye mringaringa, akasimama kidogo, akarudi nalo ndani. Mwaka uliofuata vilevile. Akifa mtu, mti unaongezeka, majani yanaongezeka, na bado moja linabaki. Nikamuuliza, "Mama, hili la nani?" Akasema, "La mtu anayeuliza sana." Nikajua ananifukuza.

Na kabla sijasahau, kuna jambo la baba. Mimi ni mtoto wa kwanza, tumezaliwa wanne. Wenzangu wakimwamkia baba shikamoo, anaitika marahaba, basi. Mimi nikimwamkia anaitika, halafu ananiangalia na kuuliza, "Umekuja?" Hata nikitoka jikoni tu. Nilikuwa namtania, "Baba, nimekuja kutoka wapi, mbona nilikuwa napika hapo nje?" Anasema, "Haya," kisha anaendelea na kazi yake. Tulilizoea kama unavyozoea kikohozi cha mtu.

Basi, Krismasi iliyopita mdogo wangu wa mwisho alikuja kutoka Dar mapema, yeye na mke wake na watoto na gari jipya, refu hilo, halipiti getini bila watu watatu kumwelekeza. Kwa mila zetu kihamba cha baba ni cha mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo ni chake, hakuna ubishi. Alitaka kujenga nyumba yake, na mahali alipopapenda ni pale juu, penye mringaringa. Mti ukatwe, mbao zake zitengeneze milango, na pale kwenye kibonde pawe maegesho. Kibali cha kukata kilikuwa kimeshatoka. Fundi wa msumeno angekuja siku mbili baada ya Krismasi.

Mama alisikiliza yote hayo akiwa anamenya ndizi. Alipomaliza kumenya alisema, "Huo hutaukata."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nimesema."

"Mama, mti huo hauna mtu. Hata wewe huufungi jani. Nipe sababu moja tu, nami nitaacha."

Mama akachukua beseni lake akaingia ndani. Mdogo wangu ni mtu mwema, ila ni mtu wa ofisini, kwake kisichoandikwa hakipo. Akaniambia, "Dada, wewe si ndiye mwenye maswali? Nitafutie sababu. Usipoipata hadi Krismasi, fundi anakuja."

Loo! Mtu amenipa kazi niliyozaliwa nayo. Nilikuwa na siku tisa.

Kesho yake sikufungua duka. Nilishuka hadi Kahe kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa huko tambarare kwenye mashamba ya kumwagilia. Ndiye pekee aliyebaki wa rika la baba ambaye alikuwa nyumbani miaka hiyo. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikampa kanga niliyomletea, tukaongelea joto la Kahe, nikala. Kisha nikauliza. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

Aliniangalia kwa muda, kichwa hadi miguu. Akanishika mkono, akaubinyabinya, kama tunavyobinya parachichi kuona limeiva.

"Mti huo hauna mtu," alisema.

"Shangazi, hilo nalijua. Ulipandiwa nani?"

"Nimekwambia hauna mtu. Na wewe usiutafutie. Mama yako anasemaje?"

"Hasemi."

"Basi na mimi ni nani niseme? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Akarudi kwenye mchele wake, na nilipoondoka alinifungia kilo tano nzima na kunishika tena ule mkono kabla hajauachia.

Uchungu wa mwana. Njia nzima kurudi Shirimatunda, ninakoishi, nililitafuna neno hilo. Nilipofika kwangu nilikuwa nimepata jibu. Kulikuwa na mtoto kabla yangu! Mimi si wa kwanza! Mama alizaa, mtoto akafa mchanga, hata jina hakupata, wakampandia mringaringa wakafunga midomo. Ndiyo maana kile kibonde. Ndiyo maana nilichapwa: nilikuwa nimelala juu ya kaburi la kaka yangu au dada yangu. Ndiyo maana jani moja la ziada ambalo mama hakuwahi kuwa na moyo wa kulifunga. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilikaa kitandani nikamlilia huyo mtoto nisiyemjua, nikamwonea huruma mama. Miaka yote hiyo anapita pale na jani mkononi, hana wa kumsindikiza.

Na mimi nikajisemea, mwaka huu nitamsindikiza.

Siku ya Krismasi tulitoka kanisani saa sita. Mama alikata majani yake, nikahesabu: tisa ya miti yenye watu, na moja. Akaanza kwa babu, akaenda kwa bibi, wakazozana kama kawaida. Mdogo wangu na familia yake walikuwa barazani na soda zao, wanatutazama. Mimi nilichepuka. Nilikuwa nimekata jani langu mwenyewe, nimelificha ndani ya kitenge. Nikapanda hadi kwenye mringaringa. Shina lilikuwa nene, jani halikuzunguka, ikabidi nikate uzi wa upindo wa kitenge niunganishe. Nikafunga vizuri, mafundo mawili. Nikasema kwa sauti, maana kwetu haisemwi kimoyomoyo, "Mwenye mti huu, sikukujua, lakini Krismasi njema. Mama anakukumbuka. Usiogope, hatutakukata."

"Yeleuwi!"

Niligeuka. Mama yangu, mwenye miaka sabini na sita na magoti mabovu, alikuwa anapanda mbio. Majani yamedondoka nyuma yake njia nzima. Alinifikia akanipiga kibao cha shavu ambacho sijakipata tangu nikiwa darasa la nne, mbele ya mkwe wake na wajukuu, mimi mtu mzima mwenye wajukuu wangu. Halafu akaurukia mti. Alilivuta jani, fundo likagoma, akaanza kuung'ata ule uzi kwa meno yake manne yaliyobaki.

"Mama! Mama, nisamehe, nilitaka kumkumbuka mtoto wako!"

"Mtoto gani?"

"Huyu mwenye mti. Aliyenitangulia."

Mama akaacha kung'ata. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga, na machozi yanamtoka.

"Hakuna aliyekutangulia. Huu ni wako."

Mdogo wangu alikuwa ameshafika, anahema. Akashika tawi. Mama akaketi palepale, kwenye kibonde, akatusimulia, na ninaandika alivyosema.

"Ulikuwa na miezi minane. Surua. Nilikubeba hadi hospitali mjini. Siku ya pili wakakuchukua kukuwekea dripu, wakanitoa nje. Nikakaa getini nikalia. Akapita jirani yetu, ametoka sokoni anapanda nyumbani. Akaniona nalia, mgongoni sina mtu, kanga ya kukubebea nimeikunja mapajani. Akasimama. Akavua kofia yake. Kisha akaenda zake."

"Hakuuliza?"

"Hakuuliza. Nani anamuuliza mwanamke anayelia na kanga tupu? Akapanda akampa baba yako pole. Jua lilikuwa linazama. Baba yako akang'oa mche wa mringaringa pale mferejini akaupanda, kama mila inavyotaka. Asubuhi akaanza kuchimba. Na mimi huku homa yako imeshuka, dokta ameniruhusu, napanda na wewe mgongoni. Namkuta yuko shimoni, limemfika magotini."

Mnanijua. Niliuliza, "Alisema nini?"

"Mimi hakuniambia kitu. Alikuangalia wewe. Mikono imejaa udongo, akaogopa kukushika. Akakuuliza, 'Umekuja?'"

Mama akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Halafu akaenda mferejini kunawa. Alinawa, akanawa, hadi nikamwambia, baba fulani, inatosha, mshike mtoto. Shimo tukalifukia, likatitia. Mti ungefanyaje? Mti uliopandiwa mtu haung'olewi, ni kama kumng'oa na yeye. Ukiukata, ni kukukata. Na ukifungwa jani..." Hakumaliza.

"Lakini Mama," mdogo wangu alisema taratibu, "wewe ni mzee wa kanisa."

"Mungu namwamini. Ni mti huu nisiouamini."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niseme ili iweje? Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Nikamuuliza na lile jani la ziada. Alisema ni langu. Anakata kama anayekata la marehemu, analipitisha mbele ya mti ili uone kwamba mwaka huu pia halifungwi, kisha analitia motoni na kusema asante. Mara hamsini na tatu amefanya hivyo, pamoja na mwaka aliovunjika mguu, alipobebwa.

"Sasa lifungue," aliniambia. "Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Mti uone kwamba bado unayo."

Mafundo niliyoyafunga mwenyewe yalinitesa. Nilipolitoa jani, mama alilipokea, akalikunja, akalitia kifuani. Mdogo wangu akatoa simu akampigia fundi wa msumeno palepale, akamwambia asije, nyumba itajengwa chini kwenye banda la kuku. Akanigeukia. "Dada, yaani wewe umezaliwa kunizibia gari langu." Tukacheka wote watatu, mama akiwa bado analia.

Wao walishuka. Mimi sikuweza kwenda kula. Nilizunguka ule mti nikiutazama kama mgeni, urefu wake, matawi ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa, nikafikiri, kumbe wewe ndiye umekuwa ukifa kwa niaba yangu. Na nilimfikiria yule jirani aliyevua kofia. Swali moja tu. "Mama, vipi mtoto?" Angeuliza hilo, baba yangu asingeshika jembe asubuhi ile.

Nami je? Nimeuliza kila mtu kila kitu maisha yangu yote, na neno ambalo baba aliniuliza kila siku sikuwahi kumuuliza maana yake. Mwezi wake wa mwisho nilimuuguza mimi. Kila nikiingia chumbani, hata nikitoka kumwaga maji tu, "Umekuja?" Nilidhani ni usahaulifu wa uzee. Siku moja nilikuwa nimechoka, sijalala, nikamjibu vibaya: "Baba, si nimetoka hapa sasa hivi? Utauliza mara ngapi?" Akasema, "Haya." Hakuniuliza tena. Siku tatu baadaye akafariki. Hilo linaniuma, na nililia pale kwenye migomba kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Majani mama aliyoyadondosha yalikuwa bado yametapakaa njiani. Nikayaokota moja moja. La baba lilikuwa bado halijafungwa, maana yeye ndiye wa mwisho kwenye msafara. Nikashuka hadi kwenye mbuni wake. Bado ni mdogo, unanifika kiunoni, na mwaka huu umezaa kwa mara ya kwanza, punje chache nyekundu. Nilichuchumaa, nikafunga jani kwenye kishina chake polepole, fundo moja, lisimbane.

"Shikamoo, Baba," nilimwambia. "Nimekuja."